Korti ikikupa ni haki, ikikunyima ni adui?

Hebu nikuulize kitu kabla hujaendelea kuskroli. Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, ulisema nini Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha marufuku hiyo kwa muda? Kama wewe ni wa pande zetu sihitaji jibu, kwa sababu nilikuwepo. Pale sokoni Karurumo watu walishangilia kama timu ya nyumbani imefunga bao. Probox za muguka zilipiga honi barabara nzima. Mzee mmoja tunayekunywa naye chai aliniambia, "Kijana, leo ndio nimeamini nchi hii iko na sheria."

Sasa songa mbele hadi Oktoba 2025. Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikakataa rufaa ya Amu Power, kampuni iliyotaka kujenga kiwanda cha kuzalisha stima kwa makaa ya mawe Lamu. Soko ni lile lile, kibanda cha chai ni kile kile, na mzee ni yule yule. Ila maneno yamegeuka. "Hawa majaji wanazuia maendeleo bure tu. Kwani nani aliwachagua?"

Nilicheka, lakini swali hilo lilinifuata hadi nyumbani. Nani aliwachagua? Ni swali la haki kabisa, na wewe pia umewahi kuliuliza, hata kama ni kwa WhatsApp ya familia. Rais William Ruto mwenyewe, Januari 2024, aliwashutumu hadharani baadhi ya majaji akisema wanahujumu miradi ya serikali. Kwa hivyo mzee wetu hayuko peke yake. Leo nataka tuliongee bila kurushiana mawe.

Kwanza nikwambie ukweli: mimi si wakili. Hata chuo sikumaliza, niliacha mwaka wa pili, na sababu yake nitakupa huko mbele. Lakini uamuzi wa kesi ya Lamu uko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na bando zangu nyingine huenda kwa mambo ya ovyo kuliko hilo. Niliusoma kwa simu, kidogo kidogo, nikiwa kwa kinyozi, nikiwa kwa matatu. Na nilichokipata ndani si kile tunachobishania pale kibandani.

Tuanze na upande wa mzee, maana uko na uzito. Kiwanda cha Lamu kilipangiwa kutoa megawati 1,050. Kilisemekana kingegharimu karibu dola bilioni 2. Vijana wangepata kazi. Na hapa petu, makaa hayakuwa hadithi ya mbali: mpango ulikuwa kianze na makaa ya kuagizwa kutoka nje, halafu baadaye yatoke bonde la Mui, Kitui. Kitui ni jirani. Ukiteremka kutoka Karurumo ukapita Mbeere hadi mto Tana, ng'ambo ni kwao. Fundi wa pikipiki pale stejini aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu la haraka: "Kenya tunatoa moshi gani sisi? Wachina na Wamarekani wamechoma makaa mpaka wakatajirika. Sisi tukitaka kuwasha moja tu, tunaambiwa hewa itachafuka."

Na yuko sawa kwa hesabu. Mchango wa Kenya katika gesi chafu zinazopasha dunia joto haufiki hata asilimia 1. Tukizima kila injini kuanzia Busia hadi Kwale, dunia haitahisi baridi. Halafu unanunua tokeni ya shilingi mia mbili, unapika chai mara mbili na kuchaji simu, inaisha. Mtu wa hivyo ukimwambia korti imekataa kiwanda cha stima, atakuona umelewa.

Sasa njoo upande wa pili, na uje polepole.

Septemba 2016, NEMA, ile mamlaka ya kusimamia mazingira, iliipa Amu Power leseni. Kabla mwaka kwisha, watu wa Lamu kupitia shirika la Save Lamu walikuwa wamefika mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo ni kama korti ndogo ya kusikiza malalamishi ya leseni. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni. Na sababu zake, ukizisoma, hazisemi kwamba Wakenya hawastahili stima. Hazisemi makaa ya mawe ni haramu. Zinasema mambo ambayo hata chifu wa kwenu angeyaelewa.

La kwanza ni kuwashirikisha watu. Mikutano ilifanyika, ndiyo. Lakini ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika. Yaani watu waliitwa wakaambiwa kuna mradi mzuri unakuja, wakaenda nyumbani. Utafiti wenyewe ulipotoka, ukiwa na majibu ya moshi, jivu, maji moto baharini na samaki, hawakurudiwa ipasavyo wakaonyeshwa na kuulizwa. Fikiria daktari akuite kabla ya vipimo, akusalimie vizuri, halafu matokeo yakitoka afanye upasuaji bila kukuonyesha karatasi.

La pili ndilo linalogusa gesi chafu. Mei 2016 Kenya ilipata Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Ilipitishwa na Bunge letu, ikatiwa sahihi na Rais wetu wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Miezi minne baadaye, leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe ikatolewa kwa msingi wa ripoti ambayo haikuizingatia sheria hiyo. Jopo likasema hilo ni pengo kubwa. Hebu soma tena tarehe hizo. Serikali ilijiwekea sheria Mei, Septemba ikapita juu yake kama haipo.

Sasa rudi kwa swali la mzee. Nani aliwachagua majaji? Hakuna. Lakini nani alichagua wabunge waliotunga ile sheria ya 2016? Wewe na mimi, au wazazi wetu. Nani alipigia kura Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kulinda haki hiyo hata kama bado hujapata hasara yoyote? Wakenya, Agosti 2010, kwa kupanga foleni. Jaji wa Malindi hakuja na sheria mfukoni kutoka kwao. Aliletewa zile tulizoandika sisi.

Na wala usidhani majaji wote duniani wamejiunga na chama cha kukumbatia miti. Angalia Marekani. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba gesi chafu zinaingia katika sheria yao ya hewa safi, kwa hivyo serikali ina uwezo wa kuzidhibiti. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo, ikiwa na majaji wengi wapya, ikapunguza uwezo huo kwa viwanda vya stima, ikisema jambo kubwa namna hiyo linahitaji Bunge liliseme waziwazi. Waliopiga makofi mara ya kwanza walinuna mara ya pili, na walionuna wakapiga makofi. Uholanzi nayo, Desemba 2019, mahakama yake ya juu iliiamuru serikali ipunguze gesi hizo kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020, ikilinganishwa na kiwango cha 1990.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki korti si rafiki wa kudumu wa wanamazingira. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilomita 1,443, lilipelekwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Novemba 2023 kesi ikatupwa. Kwa nini? Ililetwa imechelewa. Sheria ya mahakama hiyo inatoa miezi miwili tu. Majaji hawakusema bomba ni zuri au ni baya, walisema mlango ulishafungwa. Watu wa Lamu walifika kwa wakati, wakasikizwa. Wa bomba walichelewa, wakarudi. Kwa korti kalenda ni kalenda, uwe na machozi usiwe nayo.

Kuhusu hoja ya fundi, kwamba sisi ni wadogo mno: Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitoa maoni yake kwamba kila nchi ina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa dhidi ya gesi hizo, na wajibu huo unapimwa pia kwa uwezo na historia ya kila mmoja. Maoni hayo hayamfungi mtu pingu. Lakini sisi tunaovuna ukame bila kupanda moshi ndio tunaoyahitaji zaidi. Nitaenda aje kumdai jirani mkubwa afuate sheria, kama nyumbani kwangu sheria yangu mwenyewe naikalia?

Sasa nikupe ile sababu ya chuo. Nilikwambia ningekuja hapo.

Mama yangu ana shamba dogo huku Karurumo. Kahawa kidogo, mahindi, maharagwe, na mpakani miti ya mukima, ile mirefu unayoiona kila mahali ukitoka Runyenjes. Miti hiyo ndiyo benki yetu. Dada yangu alisomea mukima. Paa la nyumba ni mukima. Mwaka 2019 walikuja watu wa mradi wa kupanda na kutunza miti. Wakaeleza kwamba miti inavuta hewa chafu, na kuna kampuni ng'ambo zinalipia hewa hiyo. Wazo zuri, mimi silipingi hata leo. Wakaleta karatasi, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu. Mama alitia sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma kwetu, na nilikuwa Embu mjini. Alinipigia simu. Nikamwambia, "Mama tia tu, ni ya miti."

Mwaka 2022 mvua ya masika ikatudanganya. Mahindi yalifika magotini yakakauka. Karo ikaisha. Mama akataka kuuza mikima sita, kama kawaida yake. Akaambiwa na kiongozi wa kikundi kwamba karatasi inasema miti iliyohesabiwa haikatwi, mpaka miaka iishe. Miaka mingapi? Thelathini. Na malipo aliyokuwa amepata mpaka siku hiyo yasingetosha hata nauli yangu ya muhula. Nikarudi nyumbani "kwa wiki mbili". Sikurudi chuo. Na niseme haki: nilikuwa pia nimefeli mitihani miwili, kwa hivyo sitaubebesha mukima mzigo wote. Lakini ile karatasi iliiweka benki ya mama chini ya kufuli, na mimi ndiye niliyesema "tia tu".

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba mambo ya gesi chafu na korti ni ya wazungu na watu wa mashirika, mimi hunyamaza kwanza. Sheria za hewa ziko mpakani mwa shamba letu, zina magome na majani.

Baada ya hapo ndipo nilianza kusoma vitu hivi. Nikagundua kwamba mwaka 2023 Bunge liliibadilisha ile sheria ya 2016 ili kudhibiti biashara ya kaboni. Sasa kwa miradi ya kaboni kwenye ardhi ya umma na ya jamii lazima kuwe na makubaliano rasmi na wenyeji, na kwa miradi inayotegemea ardhi, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Ilikuja miaka minne baada ya kalamu ya mama, na shamba la mama ni lake binafsi, si ardhi ya jamii. Lakini angalau sasa kuna kitu cha kushika mkononi mtu akienda kulalamika.

Na watu wameanza kulalamika hapa hapa karibu. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo ikiwa Biliqo Bulesa, zilianzishwa kinyume cha Katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kaboni wa nyanda za kaskazini. Umeiona hiyo? Lamu, korti ilisimamisha mradi ambao ungeongeza gesi chafu. Isiolo, korti iligusa mradi uliosemekana kupunguza gesi chafu. Pande mbili tofauti kabisa, na swali la jaji likawa lile lile: hawa watu mliwauliza?

Hilo ndilo nataka ubaki nalo. Korti haikuulizwa kama makaa ni mazuri, wala kama miti ni mizuri. Iliulizwa kama mwenye mamlaka alifuata njia. Na kwa ile kesi ya muguka pia, kilichotufurahisha si kwamba jaji anapenda muguka. Ni kwamba mtu mmoja mwenye cheo, mbali na kwetu, aliamua riziki yetu bila sisi, na kulikuwa na mahali pa kwenda kusema "ngoja kwanza". Huwezi kuutaka huo mlango ukiwa wako, halafu uutie misumari ukiwa wa mvuvi wa Lamu.

Sitakuficha kasoro za njia hii. Kutoka leseni ya 2016 hadi uamuzi wa Malindi 2025 ni miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa siku ya leseni anamaliza gredi ya tatu. Kesi ni ghali, mawakili si wa kukopesha, na kijiji bila shirika la kukibeba kitachoka njiani. Tena mimi sitaki majaji watuendeshee wizara ya kawi. Jaji hajui stima itoke wapi Jumatatu jioni watu wote wakiwasha taa. Hiyo ni kazi ya wahandisi na ya serikali tuliyoichagua. Sehemu kubwa ya stima yetu tayari inatoka kwa mvuke wa Olkaria, upepo wa Loiyangalani, na mabwawa ya Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Hayo ya Tana tunayajua, yako chini yetu hapa, na kuna watu wa Mbeere walioishi miaka mingi wakitazama nyaya zikipita juu ya vichwa vyao. Mvua ikikosa, mabwawa yanashuka, na wewe unahisi kwenye tokeni. Kwa hivyo hasira ya mzee kuhusu stima ni halali. Nadhani tu anaielekeza nyumba isiyo yake. Amuulize aliyeruka hatua, maana angezifuata tangu mwanzo, pengine tungekuwa tumejua 2017 kama kiwanda kinajengwa au hakijengwi, na pesa zikaenda kwingine.

Nilimwambia mzee hivyo, wiki iliyopita, pale pale kibandani. Alikoroga chai muda mrefu. Akasema, "Sasa wewe mwenye kusoma, ukiitwa baraza huwa unaenda?"

Alinipata. Siendi. Na wewe, wacha tusidanganyane, huendi pia. Tangazo la baraza likibandikwa kwenye mti karibu na ofisi ya chifu, tunapita na earphones. Ripoti ya athari za mradi ikitangazwa gazetini, umma hupewa siku 30 za kutoa maoni. Leseni ikitolewa na hujaridhika, una siku 60 za kwenda kwa jopo. Siku hizo zinapita tukiwa tunabishana nani mkali kati ya wasanii wawili. Halafu baada ya miaka mitano tunauliza hawa walipitisha lini.

Kwa hivyo mimi nimeamua mambo mawili madogo. Baraza likiitwa Karurumo, kuhusu barabara, kiwanda, miti au chochote, nitapanda matatu kutoka Embu na nitakaa mbele. Na Jumamosi hii naketi na mama, tunaisoma ile karatasi ya 2019, ukurasa kwa ukurasa, mimi nikimtafsiria kwa Kiembu. Nilipaswa kufanya hivyo siku ile aliponipigia simu.

Wewe nawe, kwenu kuna karatasi gani kwenye kabati ambayo mzazi alitia sahihi ukiwa umesema "tia tu"? Itoe. Isome kabla siku hazijaisha.